Begi Lililomsahau Mzazi

Mume wangu hupakia mizigo kwenye kituo cha mabasi. Wenzake wanamwita Kamba, kwa sababu mzigo akishaufunga yeye, hauanguki hata basi lipite kwenye mashimo. Mpe magunia, mabati, kitanda na tenga la kuku, vyote ataviweka juu ya basi na nafasi itabaki. Mimi ni fundi cherehani. Nashona mlangoni kwetu tangu asubuhi mpaka macho yakatae kuona tundu la sindano.

Tulikuwa na mtoto mmoja, na wa pili alikuwa tumboni. Mama mkwe alikuja kukaa nasi ili anisaidie.

Mtoto wa kwanza nilimzaa kwa upasuaji. Sikuwa na mtu wa kunieleza lolote. Nilikwenda hospitali na sketi zangu za kila siku, zenye mpira wa kubana kiunoni. Ule mpira ulikaa juu ya kidonda, ukakisugua siku baada ya siku, mpaka kikatoa usaha. Nilitembea nimeinama wiki nyingi. Mtoto alilia nami nikalia. Sikutaka kupita njia ile tena.

Safari hii daktari alisema nitapasuliwa tena, kwa siku iliyopangwa, kabla uchungu haujaanza. Alinieleza kwamba kovu la zamani kwenye mfuko wa uzazi linaweza kushindwa kuhimili uchungu. Uchungu ukianza kabla ya siku, au nikiona maji au damu, niende hospitali hapohapo. Niliyabeba maneno hayo moyoni kama mtu aliyebeba mayai.

Siku ilipokaribia, Kamba alisema, "Begi niachie mimi. Kufunga mzigo ndiyo kazi yangu."

Mama mkwe alikuwa anamletea vitu, yeye anapanga. Mimi nilikuwa nahangaika na sare za watoto wa watu, shule zinafunguliwa. Nilipouliza kama wameweka na vitu vyangu, mama mkwe alicheka. Akasema mimi nakwenda kulala tu, mwenye kazi ni daktari. Kamba naye akacheka. Nilikanyaga cherehani kwa nguvu, nikaendelea na sare.

Kliniki waliniambia wazi: nisile chochote kuanzia usiku wa kuamkia upasuaji. Maji nayo waliniambia mwisho wa kuyanywa. Niliwatangazia wote nyumbani. Asubuhi ile mama mkwe akaja na bakuli la uji wa moto.

"Mama, nimekatazwa kula."

"Uji si chakula," akasema. "Uji ni wa kunywa tu. Utakwendaje kupasuliwa na tumbo tupu?"

Nilikataa. Akalisogeza tena bakuli. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amepiga goti juu ya begi, anakaza kamba, jasho linamtoka. Bila kuinua kichwa akasema, "Kunywa kidogo, mama aridhike."

Nikanywa. Nilikunywa lote, kwa sababu nilikuwa nimechoka kubishana, na kwa sababu uji ulinukia vizuri. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mimi nilimchelea mama mkwe, na nikalia mimi.

Hospitali muuguzi aliomba kadi ya kliniki. Kadi iko wapi? Chini kabisa ya begi, kwa sababu Kamba hupenda karatasi zikae chini zisikunjike. Ikabidi afungue fundo moja baada ya jingine, pale kwenye korido, watu wamejaa kwenye mabenchi. Akaanza kutoa. Kofia za mtoto zilikuwa saba. Soksi za mtoto. Mablanketi ya mtoto, la kulalia na la kutokea nje. Beseni la mtoto, na ndani ya beseni mna vinguo vingine. Kila mtu alikuwa anatazama. Cha kwangu kilitoka kimoja: gauni nililovaa kwenye harusi ya wifi yangu, lenye zipu mgongoni, ambalo hata kabla ya mimba lilikuwa linanibana.

Nilihisi masikio yanawaka.

Kisha muuguzi akauliza nilikula lini mara ya mwisho. Kabla sijajibu, mama mkwe akajibu kwa fahari kwamba sijala kitu, nimekunywa uji tu.

Muuguzi aliweka kalamu chini. Alitueleza bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mtu akipewa dawa ya ganzi au ya usingizi, kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Anaweza kufa. Kwa hiyo ningesubiri tumbo litulie, na zamu yangu ingepita, na nyuma yangu kulikuwa na wengine. Akanipangia kesho kutwa. Akarudia dalili za hatari, akaniambia nisithubutu kuzingoja zipoe nyumbani.

Tulirudi na begi letu na kamba zake. Nilipofika tu, tumbo likakaza. Nikashika kovu. Likaachia. Baadaye likakaza tena. Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka.

"Mmenipakia nini humu?" niliuliza. "Kofia saba. Mtoto wangu ana vichwa vingapi?"

Kamba alisema nipunguze sauti, majirani wanasikia. Nikamwambia waache wasikie. Nikamwambia yeye ni bingwa wa mizigo ya watu asiowajua, anauliza kila abiria anashuka wapi, lakini mimi mkewe hakuniuliza hata mara moja nitavaa nini. Nikamwambia nilimtazama asubuhi ile, nikingoja aseme neno moja tu, naye akasema mama aridhike.

"Hasira hasara, mwanangu," mama mkwe akasema.

"Hasara nimekwisha kuipata, mama. Hasira ndiyo iliyobaki."

Sauti yangu ilimfikia jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Ni mkunga wa hospitali nyingine, na mtaa mzima unamwita Sista. Alikuja na maji ya kufulia bado yanamdondoka mikononi. Alinikalisha, akaweka mkono juu ya tumbo, akakaa nao muda mrefu. Aliniuliza kama kuna maji, damu, au maumivu kwenye kovu. Hakuna. Akasema tumbo linajikaza bila mpango, halijawa uchungu, ila likianza kuja kwa kufuatana au likiuma, tusimwite yeye, tuite gari. Ndipo akaliona begi.

"Shemeji," akamwambia Kamba, "abiria anayeshuka kituo cha kwanza, mzigo wake unauweka wapi?"

"Juu, karibu na mkono. Wa mwisho ndio unakaa chini."

"Na humu ndani, nani anashuka kwanza?"

Kamba akafikiri. "Mtoto."

"Mtoto hashuki mpaka mama yake apande kitanda cha upasuaji. Kituo cha kwanza ni mapokezi. Hapo wanataka kadi, vipimo, na dawa anazotumia kama zipo. Weka mfuko wa pembeni, usifungwe na kamba yoyote. Kituo cha pili ni chumba cha upasuaji. Hapo mtoto anahitaji kofia moja, nguo moja, nepi na blanketi. Mfuko mdogo unatosha. Kituo cha tatu ni wodini. Huko ndiko atakakokaa siku kadhaa, na huko hujampakia kitu."

Mama mkwe aliguna. Akasema wao walikwenda kuzaa na shuka moja begani, na wakazaa. Akasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na sisi wa siku hizi tunalazwa usingizi tukiamka tumeshapata mtoto.

Nilisimama, nikapandisha gauni, nikamwonyesha kovu. Lilikuwa limevimba upande mmoja, mahali usaha ulipotokea, na ngozi pale imekunjamana. Miaka yote ile hakuwahi kuliona.

Alilitazama. Akanyoosha kidole, akakirudisha.

"Hili lilifanywa na nini?" akauliza.

"Mpira wa sketi, mama. Sketi yangu ya kawaida."

Sista hakumwacha apumue. Alikuwa na hasira kuliko mimi, nadhani kwa sababu ameyaona mengi. Alisema anayepasuliwa hukatwa ngozi na mfuko wa uzazi, hushonwa, na siku hiyohiyo huanza kunyonyesha. Hakuna aliyelala hapo. Akasema anahitaji pedi, na chupi kubwa za pamba, pana, zinazopita juu ya kitovu, ili mpira usiguse kidonda. Kamba akauliza, kwa sauti ndogo, pedi za nini ikiwa mtoto anatokea tumboni.

"Damu inatoka vilevile, shemeji," Sista akasema. "Njia ya mtoto imebadilika, mfuko wa uzazi ni uleule. Nunua pedi kubwa, nunua za kutosha."

Akaendelea. Magauni mapana yenye vifungo mbele, ili ninyonyeshe bila kujipinda. Kandambili zisizoteleza, kwa sababu nitatakiwa kuinuka na kutembea mapema, na nitajiona mzito. Chupa ya maji na mrija, maana kunyanyuka kunywa kutauma. Mto mdogo wa kukumbatia tumboni nikikohoa au nikicheka. Sabuni, taulo, mswaki. Mama mkwe akaingiza neno kwamba basi na yeye atakuja na dawa ya majani ya kupaka kidonda. Sista akamgeukia. Kidonda hakipakwi kitu chochote ambacho hospitali haikutoa. Wala nisijinyoe nyumbani, kwa sababu wembe huacha mikwaruzo na mikwaruzo hukaribisha vijidudu. Rangi ya kucha itoke, hereni na pete zibaki nyumbani.

"Na uji?" mama mkwe akauliza.

"Uji ni chakula, mama. Chai ya maziwa ni chakula. Wakisema asile, hata kijiko ni kingi."

Nilitaka kwenda kwenye cherehani nianze kushona yale magauni. Kisha nikajiuliza kwa nini iwe mimi tena. Nimeshona sare za mtaa mzima. Nikakaa. Nikamwambia Kamba aende dukani, na achague mwenyewe.

Alitaka kumtuma mama yake. Nikasema hapana, aliyenioa ndiye atakayenunua. Alikwenda. Duka liko karibu na kituo chao, na wapakiaji wenzake walimwona ameshika chupi kubwa juu, anazipima kwa macho kama gunia. Walimcheka mpaka wakakaa chini. Alirudi uso umemwiva. Lakini alikuwa amenunua sahihi, pamoja na magauni mawili, na kumbe alimwuliza muuzaji kama mpira wa zile chupi unavimbisha kidonda. Nilicheka kidogo. Sikuwa nimemsamehe, nilicheka tu.

Begi tulilifungua upya pale sebuleni. Kofia zilibaki mbili. Kamba alipanga kila kitu huku akiniuliza, "Hiki utakihitaji lini?" Ni swali dogo sana. Nilikuwa nimelisubiri tangu mimba ya kwanza.

Siku ya miadi ya pili hakuna aliyewasha jiko mpaka mimi nilipotoka. Hospitali kadi ilitoka kabla muuguzi hajamaliza kuiomba. Akauliza kuhusu chakula, na mama mkwe akajibu kwamba sijaonja hata tone la uji. Nilipelekwa ndani. Nilichomwa ganzi mgongoni, nikawa macho, nikasikia mvutano tumboni bila maumivu, kisha nikamsikia binti yangu akilia kwa ghadhabu kana kwamba mtu amemkosea. Nikasema moyoni, lia, mama, usinyamaze.

Ganzi ilipoisha, maumivu yalikuja, sitadanganya. Lakini niliomba dawa na nikapewa. Mto nilikuwa nao, maji niliyanywa kwa mrija, na nguo haikunigusa kidonda. Kesho yake nilisimama, nikashika mkono wa Kamba, tukaenda mpaka mlangoni na kurudi. Siku ya kuruhusiwa muuguzi alifunua kidonda. Kilikuwa kikavu na safi. Mama mkwe aliinama akakitazama kwa karibu, akataka muuguzi amwonyeshe usaha unapoanza huonekanaje, ili ajue.

Wakati Kamba anakusanya vitu vyetu, mwenye kitanda cha jirani alikuwa amerudishwa kutoka kupasuliwa muda si mrefu. Mumewe aliingia na begi jipya. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye furaha ya kweli. Alianza kutandaza vinguo vya mtoto juu ya miguu ya mkewe, kimoja kimoja, akitusimulia alikovipata. Mkewe alimwita kwa sauti ya chini. Akamwomba pedi na nguo ya kubadilisha.

Yule bwana akapekua begi. Akapekua tena. Akasema hayo hakuyafikiria, lakini hakuna shida, ataleta kesho akija.

Mama mkwe alikuwa amemshika binti yangu. Alimweka mikononi mwa Kamba, akafungua begi letu, akatoa pedi zilizobaki na gauni langu safi, akampelekea yule dada. Kisha akamgeukia yule bwana. Sauti yake niliijua. Ndiyo aliyokuwa akinitolea mimi.

"Mwanangu, duka liko nje ya geti. Nenda ununue chupi kubwa, pana, za kupita kitovu. Nunua pedi. Nunua gauni la vifungo."

"Nimekuelewa, mama. Kesho asubuhi na mapema."

"Mkeo anatoka damu leo," mama mkwe akasema.

Yule bwana akaviacha vile vinguo kitandani, akaenda dukani.