Kidonda Chini ya Mtandio

Kila akirudi kutoka shule, Chiriku, jina alilopewa nyumbani kwa maneno yake mengi, alikaa kando ya cherehani na kumtungia mama yake uzi kwenye sindano, akiulowesha kwanza kwa ulimi. Jumanne hiyo mdomo ulimwasha kweli kweli. Pembeni palikuwa na malengelenge madogo yenye maji.

"Ni homa inatoka hiyo," mama alisema bila kuinua macho. "Paka dawa ya meno."

Alipaka. Loo, ilimchoma hadi akatoa machozi! Kesho yake kidonda kilikuwa kikubwa zaidi, na siku hiyo ndiyo dada yake alikuwa anakuja na mtoto wa siku sita. Chiriku alikuwa ameapa kumbusu kabla ya mtu mwingine yeyote. Akajifunika mdomo kwa mtandio, asije akakatazwa.

"Haya, mama mdogo, mpokee mwanao," dada alisema.

Chiriku alishusha mtandio, akainama.

"Ngoja!" Shangazi yake, muuguzi aliyekuja pamoja na dada, alimshika bega. "Hicho kidonda tangu lini?"

"Tangu jana, shangazi."

"Si homa inatoka tu, wifi?" mama aliuliza.

"Hapana. Ni kirusi. Sisi wakubwa kinatusumbua siku chache, lakini mtoto mchanga kinaweza kumuua."

Dada alimkumbatia mwanawe kwa nguvu. Chiriku alilia kwa hofu na aibu. "Kwani mimi ni mchafu?"

"Hata kidogo. Watu wengi wanacho. Kinalala mwilini kimya, ukiugua au ukichoka kinaamka."

Shangazi alimpeleka duka la dawa, wakanunua krimu ya kupambana na kirusi. Alimwonya asikibandue kidonda, anawe mikono kwa sabuni, asichangie kikombe wala taulo. Na uzi je? Kuulowesha kwa ulimi basi!

Siku ya kumi ganda lilikuwa limeanguka na ngozi imepona. Chiriku alinawa mikono, akaketi, akawekewa mtoto mapajani. Hakumbusu, ila alimwimbia mpaka akalala.

"Kuugua si kosa, mwanangu," shangazi alimwambia. "Kosa ni kuficha. Ukiona kitu mwilini mwako, sema mapema, upone na wenzako wawe salama."

"Nimesikia, shangazi," Chiriku alinong'ona. Kwa mara ya kwanza, hakuongeza neno.