Tundu Lililozibwa kwa Nta

Nyuma ya risiva, ile redio kubwa ya spika mbili ya marehemu baba mkwe, matundu yote yalikuwa wazi isipokuwa moja. Hilo moja, dogo la pembe nne, lilikuwa limezibwa kwa nta nyeusi, na juu ya nta ilibaki alama ya kidole gumba, kana kwamba mtu aliikandamiza kwa nguvu zake zote.

Fundi bomba aliitazama akacheka. Mtaani walimwita Najua, na hakuna aliyeuliza sababu. Ukimwambia mvua itanyesha, anajua. Ukimwambia nyumba yake inaungua, anajua pia. Miaka yote kazi yake ilikuwa kuzibua, na tundu lililozibwa aliliona kama tusi.

"Baba yako aliogopa mende," alimwambia mkewe.

"Mama alisema tusikilize redio tu, tusichomeke kitu huko nyuma. Najua wangu, usianze."

Mkewe alikuwa msomaji. Alisoma vitabu kwa sauti, akajirekodi kwenye kompyuta ya mezani, na rekodi zikaenda kwa wanafunzi wasioona. Sauti ile ndiyo iliyokuwa jembe lake, na ndiyo iliyomnasa Najua siku alipokwenda kuzibua sinki kwao akamsikia akisoma chumba cha pili. Kazi aliirefusha makusudi, mpaka mama mkwe akaja kuuliza kama sinki lina maradhi. Sasa kitabu kikubwa kilikuwa karibu kumalizika, na vispika vya kompyuta vilikuwa vinakoroma. Msomaji hasikii alipokosea. Risiva na spika zake kubwa zilikaa bure. Kilichokosekana ni waya.

Dada muuza nyaya alimwekea aina mbili mezani.

"Huu ni wa shaba. Upande huu unaingia panapochomekwa hedifoni, upande huu vichwa viwili, chekundu na cheupe. Wengi wanachukua huu. Ila ukisikia mngurumo, ujue ni umeme unapita humo humo. Huu mwingine hauna shaba, unapitisha mwanga. Mngurumo hauna pa kupita."

"Najua."

"Mwanga unatoka kwenye kompyuta kwenda kwenye risiva, haurudi nyuma. Una tundu lake la pembe nne. Liko wazi?"

"Litakuwa wazi," alisema, akachukua zote mbili.

Wa shaba uliunguruma. Si sana, ni kama mtu anayelia huku amefumbwa mdomo, na mkewe alipoacha kusoma, nao ukaacha. Mkewe akasema nyaya zote zirudishwe dukani. Najua akatoa kisu.

Nta ilibanduka kwa shida, ikinuka nywele zilizoungua. Alichomeka waya wa mwanga kwenye risiva, akabaki na ncha ya pili mkononi. Ncha ile ilikuwa inawaka. Ilikuwa nyekundu, na kompyuta ilikuwa bado haijaguswa.

"Mbona mwanga unatokea huku?" mkewe alinong'ona.

"Kawaida hiyo," alisema Najua, ambaye hakuwahi kuuona waya wa namna ile maishani mwake. Akachomeka.

Sauti ilitoka safi ajabu, mpaka ukasikia midomo ikiachana. Najua alitembea kifua mbele. Lakini kila mkewe aliposoma, spika zilizidi kunoga na koo lake likazidi kukauka. Asali na tangawizi havikusaidia. Akaanza kuongea kwa kunong'ona, kisha kwa mikono.

Mchana mmoja Najua alirudi kutoka kazini akamsikia tangu barabarani, anasoma kwa sauti nzima, yenye afya, na moyo wake ukajaa furaha. Aliingia akicheka. Mkewe alikuwa kitini, midomo imefungwa, machozi yakimtiririka, na sauti yake ilikuwa ikitoka kwenye spika, haisomi kitabu tena bali inarudia yale waliyowahi kuambiana wawili tu gizani, neno kwa neno, huku ikichekacheka, na harufu ya nywele zilizoungua ikitanda chumbani mpaka Najua akahisi anaimeza, kisha sauti ikavuta pumzi kama mtu, ikasema, "Karibu, mume wangu." Mkewe hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja.

Mama mkwe aliitwa, akaja na kipande cha nta kwenye kitambaa. Alipoona ule waya hakusalimia mtu.

"Mlidhani baba yenu alinyamaza kwa maradhi?" alisema chini chini. "Huyu aliyemo humu ameumbwa kwa moto. Shaba inamfumba mdomo, mwanga ni mlango wake. Marehemu alimziba akiwa ameshaichukua sauti yake. Sasa sikia, mwanangu. Mimi nitasoma dua, yeye atairudisha sauti. Mpaka umsikie binti yangu akisema kwa kinywa chake mwenyewe, usiguse kitu. Umenielewa?"

"Najua, mama."

Mama mkwe alianza kusoma. Spika zilitukana, zikabembeleza, zikalia kwa sauti ya marehemu, na ule waya ukawaka kutoka mwanzo hadi mwisho, ukijikunjakunja sakafuni, na ghafla mkewe akashika koo, akakohoa, akakwama, akakohoa tena, uso ukambadilika rangi, macho yakamtoka, akateleza kutoka kitini hadi chini akimnyooshea Najua mkono, na Najua, ambaye angempa hata roho yake, aliona anauawa mbele yake, akaurukia waya, akauchomoa, akaipokonya ile nta na kuikandamiza tunduni kwa kidole gumba, kwa nguvu zake zote.

Spika zilikatika hapo hapo.

"Ilikuwa inarudi," alisema mama mkwe, akaketi sakafuni. "Mwanangu, ilikuwa inarudi!"

Bomba lililokaa bila maji hukohoa kabla ya kutoa maji. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia wateja hivyo kila siku, wasitishike, wasifunge koki. Alimtazama mkewe akifungua na kufumba mdomo, hakuna kinachotoka, akalia kama mtoto.

Risiva sasa imechomolewa kila kitu, hata ukutani. Kuitupa hawawezi, na kila mmoja anajua kwa nini. Jua likizama, kutoka nyuma ya nta, sauti inaanza kusoma ule ukurasa wa mwisho ambao haukurekodiwa. Inausoma mpaka mwisho. Kisha inaita, na siku hizi imeshajifunza kuita vizuri.

"Najua wangu. Humu ndani giza. Nifungulie."

Kila jioni anatoa kisu, na kila jioni mkewe anakuja mbio, anamshika mkono na kutikisa kichwa: siyo mimi, siyo mimi. Jana alichelewa kidogo kufika. Leo mkewe amesimama mlangoni, anaisikiliza sauti yake mwenyewe, kisu kimeshagusa nta, na bado hajasogea.