Dawa ya Bibi kwenye Rafu ya Sala

Kila alfajiri Busaba na bibi yake, Chanthip, hupika wali wa kunata na kuupeleka barabarani, kuwapa watawa wa Kibuddha wanaopita na mabakuli yao. Siku hizi Bibi akishapiga magoti, kuinuka humshinda.

"Bibi, umechoka tena?"

"Miguu imegoma tu. Nenda shule, usinichunguze kama polisi!"

Busaba hakucheka. Bibi alikuwa na ugonjwa wa figo, na figo zake hazikuweza tena kuuchochea mwili utengeneze damu ya kutosha. Kila wiki jirani yao muuguzi alimchoma sindano ya kuongeza damu. Mwanzoni ilimsaidia sana. Sasa viganja vyake vilikuwa vyeupe, na pumzi ilimkatika akifagia tu.

Dawa ile ilitakiwa kukaa kwenye friji. Lakini Bibi, kila alipoichukua hospitali, aliiweka kwanza kwenye rafu ya sala, mbele ya sanamu ya Buddha, mpaka siku takatifu ipite. Joto la mji wa Roi Et halina huruma, na rafu ilikuwa chini ya paa la bati.

"Friji ni ya samaki," alisema. "Dawa inataka baraka."

Siku ya kliniki, Daktari Suthida alitazama majibu akakunja uso. "Mama, damu imeshuka sana, na sindano hukosi. Dawa unaitunza vipi?"

Bibi aliunganisha viganja kwa adabu, akatabasamu. "Vizuri tu, daktari. Wala usijisumbue na mzee kama mimi."

"Basi tuongeze kipimo," alisema daktari, akachukua kalamu.

Busaba alivitazama viganja vya Bibi. Kwao mtoto hamkosoi mkubwa mbele ya daktari. Lakini vile viganja!

"Daktari, Bibi huiweka kwenye rafu ya sala. Siku kadhaa, kwenye joto."

"We Busaba!"

"Nisamehe, Bibi. Nikinyamaza, utaniacha na nani?"

Daktari aliweka kalamu chini. Hakucheka wala hakugomba.

"Mara chache sana," alieleza, "kinga ya mwili huigeukia dawa hii na kuipiga vita kama adui, pamoja na kile kichocheo kidogo cha damu ambacho mwili bado hujitengenezea. Huenda joto huchangia. Ikiwa ndivyo, kuongeza dawa ni kuongeza vita. Tunaisimamisha leo, na tutapima."

Vipimo vilithibitisha hofu yake. Bibi aliongezewa damu, akapewa vidonge vya kutuliza kinga, na daktari akatoa taarifa kwa wanaofuatilia madhara ya dawa hiyo nchini, ili wagonjwa wengine wachunguzwe mapema.

Miezi ilipita kabla mwili haujaanza tena kutengeneza damu. Siku majibu mazuri yalipotoka, Bibi alimshukuru daktari mpaka machozi yakamtoka.

"Mshukuru mjukuu wako," daktari alisema.

Nje ya hospitali, Busaba aliuliza kwa sauti ndogo, "Bibi, siku ile ulinikasirikia?"

"Sana! Njia nzima nilikuwa natafuta fimbo." Bibi alicheka, kisha akamvuta karibu. "Nilidhani kumheshimu daktari ni kutomsumbua. Kumbe nilikuwa namfunga macho. Anayekutibu haheshimiwi kwa tabasamu peke yake, mjukuu wangu, bali kwa kumwambia ukweli wote, hata ule unaokuaibisha. Asante. Nipo hapa kwa sababu ulisema."