Sambusa za Bibi Jasumati Zaua

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Nasreen alisimama kwanza kwenye meza ya magazeti ya Rogath, kwenye kona ya Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Rogath aliyatundika magazeti kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, kurasa za mbele zikitazama barabara. Mbele yake walisimama wanaume walewale wa kila siku, mikono nyuma, shingo mbele, wakisoma vichwa vya habari bure. Kununua hawakununua. Walisoma maneno matano ya herufi kubwa, wakatikisa vichwa kama majaji, kisha wakatawanyika kuifundisha Kariakoo nzima siasa, mpira na ndoa za watu.

Mkubwa wao alikuwa Mzee Sadalla, fundi saa asiye na saa ya kutengeneza. Hakuwa amefungua gazeti miaka mingi, lakini hapakuwa na habari asiyoijua. Nasreen, mwanafunzi wa darasa la sita, alimwona mzee huyo kuwa msomi, naye akamwiga. Alisoma vichwa vya habari nyuma ya migongo ya watu wazima, akavibeba mpaka shuleni. Wenzake wakampa jina la Taarifa ya Habari, naye akalipenda jina hilo kama nguo ya Idi.

Jumatatu moja, gazeti la Tarumbeta la Mji lilitoka na herufi nyekundu ukurasa mzima: SAMBUSA ZA BIBI JASUMATI ZAUA. Chini yake palikuwa na picha ya bibi huyo ameshika sinia, anacheka. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, paliandikwa: Soma ukurasa wa 9.

"Zimeua wangapi?" akauliza mtu.

"Watakuwa wengi," akajibu Mzee Sadalla. "Mtu mmoja hawekwi ukurasa wa mbele."

"Sasa mbona anacheka?"

"Wauaji wazoefu ndivyo walivyo."

"Jamani, nunueni msome ndani," akasema Rogath, ambaye mwenyewe alikuwa hajasoma. Wakamtazama kama aliyewatukana, wakaondoka.

Nasreen alimjua vizuri Bibi Jasumati. Kabati lake la vioo lilikaa mlangoni pa nyumba yake, mtaa wa pili kutoka shuleni, na sambusa zake za viazi ndizo walizokula watoto wakitoka darasani. Mjukuu wake, Rupal, alikaa dawati moja na Nasreen na ndiye rafiki yake mkubwa. Siku hiyo Rupal alikuwa na homa, hakuja shule. Rafiki wa kweli angekwenda kwanza kuuliza kulikoni. Nasreen hakwenda. Habari ilimwasha ulimi, na wakati wa mapumziko akatangaza kwamba sambusa zile zimeua watu wawili.

Wawili hao aliwatoa wapi? Hata yeye hakujua. Aliona tu kwamba "wawili" linasikika vizuri. Jioni alimkuta mama yake, Sophia, akielezwa na jirani kwamba waliokufa ni wanne, na mmoja alikuwa bwana harusi. Nasreen akashtuka kwelikweli. Uongo wake ulikuwa umezunguka mitaani, ukazaa, ukarudi nyumbani, naye hakuutambua.

Rupal aliporudi shule, wenzake walisogeza madawati mbali naye.

"Hakuna aliyekufa," aliwaambia. "Bibi alishinda mashindano ya vitafunwa pale Mnazi Mmoja. Gazeti limesema 'zaua' kwa maana ya kutia fora. Kasomeni ndani."

"Wewe lazima umtetee bibi yako," akasema Nasreen, na darasa likacheka.

Rupal aliinuka. Akachukua mkoba wake, akaenda kukaa dawati la nyuma, peke yake.

Siku zilizofuata wapita njia walivuka barabara walipolikaribia lile kabati. Sambusa zilipoa, zikalala, zikamwagwa. Alhamisi, mwalimu alimtaka Rupal arudishe vitabu vya shule kabla ya kuhama. Baba yake mkubwa, Umakant, alikuwa amepiga simu kutoka Mwanza: bibi aache biashara ya aibu, wahamie kwake.

Hapo ndipo Nasreen alipoogopa. Dawati ni rahisi kulihama na kulirudia. Mwanza ni mbali.

Baada ya vipindi alikwenda mpaka mlangoni pa Bibi Jasumati. Kabati lilikuwa tupu, na juu ya kioo chake palibandikwa ukurasa wa gazeti. Bibi alikuwa ameubandika kwa fahari siku ileile ya Jumatatu, ili kila mteja ausome. Kwa kuwa hakuna aliyethubutu kusogea, hakuna aliyeusoma.

Nasreen akausoma, kutoka juu mpaka chini. "Sambusa hizi zimeua," iliandikwa, "maana majaji waliimaliza sinia nzima kabla ya kutangaza mshindi." Hapakuwa na maiti wala bwana harusi. Akakumbuka siku ya Idi, alipovaa gauni jipya na Rupal akamwambia, "Leo umeua." Siku ile hakukimbia kutafuta maiti. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Shikamoo, bibi," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Huogopi kufa?"

"Bibi, mimi ndiye niliyesema wamekufa wawili."

"Nilikuwa najiuliza wawili wangu wametoka wapi," alisema bibi. "Sasa utafanya nini?"

"Naomba ukurasa huu. Na sambusa za kesho asubuhi."

Kesho yake, Nasreen alisimama mbele ya magazeti ya Rogath, sahani mkononi, Rupal, aliyetumwa na bibi yake, kando akiwa bado amenuna. Akawasomea wale wazee wa mikono nyuma ukurasa wa tisa wote, neno kwa neno. Kisha akala sambusa mbele yao, akasubiri. Hakufa.

"Mimi nilijua tangu Jumatatu," akasema Mzee Sadalla, akachukua mbili. Hakuona haya hata kidogo. Watu wa namna hiyo hawana haya, wana njaa tu.

Shuleni ilikuwa vigumu zaidi. Nasreen alisimama mbele ya darasa akakiri kwamba wale wawili aliwazua mwenyewe. Walimcheka mpaka kengele. Jina la Taarifa ya Habari likafa siku hiyo, na hicho ndicho kifo pekee kilichotokana na zile sambusa. Lakini Rupal alirudi kwenye dawati lao, na jioni foleni ya watoto ilirudi mlangoni pa bibi. Bibi akampigia Umakant kumwambia Mwanza atakwenda kutembea tu.

"Bibi," Nasreen aliuliza, "kwa nini tusiyachukie tu magazeti?"

"Gazeti hilohilo liliandika habari za mtaro uliokuwa ukinuka hapa mbele, ukazibuliwa," alijibu Bibi Jasumati. "Gazeti likisema kweli, hata wakubwa husikia. Lakini mhariri anayepika kichwa cha habari ili kiuzike, na msomaji anayekula kichwa akaacha mwili, hao ni ndugu wa tumbo moja, na wote wawili siwaheshimu."

Akatoa sambusa mbili kutoka kwenye kabati, moja akampa Rupal, moja Nasreen.

"Kwa nje sambusa zote zina pembe tatu," alisema. "Unajua sisi nyumbani hatuli nyama. Kama ningekuwa naamini ganda, ningeshakula ng'ombe mzima. Ifungue kwanza, mwanangu, uone ndani kuna nini. Ndipo ufungue mdomo."