Jini la Mashine ya Damu

Feni za mashine ya kompyuta ya benki ya damu zilikuwa zimezimika tangu saa tatu asubuhi, lakini ndani ya sanduku lake kulikuwa bado na kitu kinachopumua. Fundi alikisikia vizuri. Profesa, mkuu wake mpya, hakusikia chochote, maana alikuwa anajisikiliza mwenyewe.

Wauguzi ndio waliompa jina hilo kwa kumkebehi, naye akalipokea kama cheo. Asubuhi hiyo alikuwa amekagua mafaili ya pamoja, yale ambayo programu zote huazima kazi kutoka kwayo, akakuta kila moja lina ruhusa ya kuendeshwa.

"Faili la kuazimwa tu, ruhusa ya kuendeshwa ya nini?" aliuliza. "Kwenye kompyuta yangu ya nyumbani nimezifuta zote na hakuna kilichoharibika."

"Mashine hii ni ya zamani, bosi," Fundi alimwambia. "Faili likikosa ruhusa hiyo, inakataa kulipakia. Ukizifuta, hakuna kitakachowaka."

"Acha woga, mdogo wangu."

Akazifuta kwa mpigo mmoja. Kila programu ikagoma. Hata amri ya kurudisha ruhusa ilihitaji mafaili yale yale, kwa hiyo bwana mkubwa alikuwa amejifungia nje na ufunguo kauacha ndani. Fundi angefurahi kumwona akiumbuka, ila dada yake yeye Fundi alikuwa chumba cha upasuaji akivuja damu, na kufuli za friji za damu zilifunguliwa na mashine hiyo tu.

"Fanya kitu basi," Profesa alinong'ona. Sasa naye alikuwa anaisikia ile pumzi.

Harufu ya udongo uliofukuliwa ikajaa chumbani mchana kweupe, skrini ikawaka ilhali hakuna programu iliyoweza kuwaka, na maneno yakaanza kujiandika herufi moja moja, polepole, kana kwamba aliyeandika alikuwa na muda wote wa dunia na dada wa mtu hakuwa akifa chumba cha tatu kutoka pale: Ruhusa siziumbi, nazihamisha. Nipeni ya mtu mmoja.

"Usijibu," Profesa alisema kwa sauti ya chini, amejikunyata kitini. "Dada Fundi, nakuomba, usiguse."

Fundi alimtazama. Aliona aibu kidogo kwamba hakuhitaji kufikiri. Akaandika: Profesa.

Feni zikanguruma. Kufuli zikafunguka. Damu ikafika kwa wakati, na dada akapona.

Profesa alibaki kitini. Madaktari hawakuona kasoro yoyote mwilini mwake. Macho yake yalisoma kila kilichopita mbele yake, lakini hata kidole hakikuinuka, na wauguzi walikiri kwamba hospitali haikuwahi kwenda vizuri namna ile.

Siku ya tatu Fundi alikuwa peke yake na mashine, mlango umefungwa, harufu ya udongo iliporudi.

Mliyenipa alikuwa mdogo kuliko alivyojiona, skrini iliandika. Hajatosha. Andika mwingine aliyemo humu chumbani.