Ukumbi wa Waliofia Kitandani

Bukari haikutoa mvuke. Sidonie, mmoja wa wapishi wa msiba, aliiona kwanza: sufuria ilikuwa imetoka motoni sasa hivi, lakini unga uliosongwa ulikuwa baridi kama udongo.

"Iko sawa ya jana," alinong'ona.

Hakuna aliyemjali. Ilikuwa Jumamosi mchana, Januari 2011, katika ukumbi wa chini ya ardhi walioukodi huko ughaibuni, mtaani Saint-Josse, kwa matanga ya Papa Kyungu, fundi umeme wa Likasi aliyeugua miezi minane hadi akafia kitandani. Mjane wake, Mujinga, alikaa mkekani. Mjukuu wao Keren, mwenye miaka ishirini, alikuwa amevaa koti la marehemu, akiigiza kikohozi chake hadi wafiwa wakacheka. Kwao hiyo ndiyo kazi ya mjukuu msibani: wengine hulia, yeye hutania.

Taa zikafifia. Ikaja harufu ya chuma kilicholowa. Pale palipokuwa na mlango wa ngazi, sasa palikuwa na ukuta, na ukuta ulikuwa ukirefuka.

"Tonton, mulango eko wapi?" Keren alimuuliza Ngoy, mdogo wa marehemu.

Ngoy aliwahi kumtunza mzee mmoja wa Iceland katika mtaa wa Ixelles, aliyemsimulia imani za mababu zake.

"Bon, musikilize," alisema kwa sauti ya chini. "Wenye kufa mu vita banaenda mu nyumba ya paa ya ngao. Wenye kufa na ugonjwa, banapokelewa na pepo mwanamuke, Hel. Sahani yake inaitwa Njaa. Ukiingia, geti inafungwa."

"Alors shiye? Shiye hatukufa!" Sidonie alipinga.

"Tulimusindikiza Kyungu mbali sana, Sidonie."

Mwishoni mwa meza alikuwa ameketi bibi ambaye hakuna aliyemwona akiingia, nusu ya uso wake ikiwa na rangi ya mtu aliye hai na nusu ikiwa ya buluu kama nyama iliyogandishwa, akipakua bukari baridi polepole, sahani baada ya sahani, akihesabu kwa macho waliokuwemo, kama mwenyeji anayejua kwamba wageni wake hawana haraka tena.

"Mulie," Ngoy alisihi. "Mu hadisi yao, bote bakilia, Hel anaachilia bantu."

Wakalia wote isipokuwa Keren, na ukuta haukufunguka.

"Lia, mutoto wangu," Mujinga alimnong'oneza.

"Siwezi, koko," Keren alimjibu nyanya yake. "Mujukuu halii."

Akamwendea yule bibi, akafanya alichojua.

"We maman, na bukari baridi hivi, bwana yako alikimbia siku gani?"

Nusu iliyo hai ilitabasamu. Kisha ile ya buluu. Bibi akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyesahau kucheka, na ukuta ukapasuka: ngazi, mvua, mngurumo wa basi barabarani.

Watu walikanyagana kupanda. Mujinga alimvuta Keren mkono, mkono ukaja, miguu ikabaki imeganda sakafuni. Na hapo ndipo Ngoy, aliyekwisha kufika juu, alipoelewa walichokosea wote, maana kwao utani huo wa msibani ni wa mjukuu kwa babu au bibi yake tu, na anayetania amejitangaza mjukuu, na yule bibi alikuwa amekubali.

"Bageni baende," bibi alisema kwa upole, akivuta kiti kingine mezani. "Mujukuu wangu amefika."

Ukuta ulianza kujifunga. Kutoka juu Ngoy alimwita shemeji yake apande. Mujinga hakuuachia ule mkono, hata ulipoanza kupoa kiganjani mwake.