Saa Nne Usagara, Saa Tisa Kanada

Ng'washi anaishi Usagara, karibu na njia panda. Analima mahindi na viazi. Mume wake alifariki mwaka jana. Shamba aliwaachia Ng'washi na binti yao, Odeta. Odeta yuko Kanada, katika mji mdogo wa mashariki. Kazi yake ni kutunza wazee.

Kaka wa marehemu, Luhaga, alitaka shamba liuzwe. Mwezi wa saba aliita kikao cha ukoo, Jumapili saa nne asubuhi. Wakampigia Odeta simu. Hakupokea. Jumapili ya pili wakapiga tena saa ile ile. Kimya.

"Asiyepokea simu hana neno," Luhaga alisema. "Jumapili ijayo ni mara ya mwisho. Asipopokea, tunauza."

Ng'washi aliumia. Aliona mtoto anamkimbia. Odeta alipompigia jioni, mama naye akanuna, hakupokea. Hasira hasara, lakini nani humwambia mtu aliyenuna?

Jumatatu alikwenda kununua vocha kwa Teodora, wakala wa simu pale njia panda.

"Shikamoo mama. Mbona umekunja uso?"

"Marahaba. Odeta hataki kupokea simu zetu."

"Mnampigia saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

Teodora akacheka. "Mama, saa hiyo kule ni saa tisa usiku. Mwanao amelala."

"Usiku upi? Jua si linawaka?"

"Linawaka kwetu. Dunia inazunguka. Jua linatufikia sisi kwanza, kwao baadaye. Sisi tukila chakula cha mchana saa sita, mjini kwa Odeta ndiyo kwanza kunapambazuka. Chukua saa yetu, rudi nyuma saa saba."

Ng'washi akahesabu kwa vidole. "Saa kumi jioni hapa, kule ni saa tatu asubuhi?"

"Umepatia. Ila kuanzia mwezi wa kumi na moja wanarudisha saa zao nyuma. Hapo utahesabu saa nane. Mwulize kwanza kwa ujumbe, kisha upige."

Ng'washi hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Luhaga.

"Shemeji, kikao kitakuwa saa kumi jioni."

"Tangu enzi za baba zetu, kikao ni asubuhi."

"Baba zetu hawakuwa na mtoto Kanada. Mkikaa asubuhi, mtakaa bila mimi. Na hakuna atakayekanyaga shamba lile."

Luhaga alinung'unika, lakini akakubali. Alijua shemeji yake hatanii.

Jumapili saa kumi jioni, ukoo ulikaa uani. Simu iliita mara mbili tu.

"Shikamoo baba mkubwa," Odeta alisema. "Ndiyo natoka kunywa chai. Huku leo maduka yamefungwa, mji umetulia. Hapo njia panda nasikia malori."

"Marahaba. Tunataka kuuza shamba la baba yako."

"Mimi siuzi, baba mkubwa. Na mama msimsumbue tena."

Watu wakatazamana. Luhaga akakohoa. "Haya. Tumemsikia mtoto. Kikao kimekwisha."

"Hakijakwisha," Ng'washi alisema. Alisimama. "Vikao vitatu mmemtafuta Odeta Kanada. Mimi niko hapa hapa Usagara, na hakuna aliyeniuliza. Niulizeni."

Luhaga alitazama chini. "Unasemaje, shemeji?"

"Siuzi."